Ng'ombe Wako Umemtoa?

Kwetu, upande wa Lalago, manesi wamekuja na kuondoka, wengine na shahada zao, lakini ukisema Nesi bila kuongeza neno, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua unamsema nani. Jina lake ninalijua. Sitaliandika hapa, kwa sababu yeye alitunza majina yetu kwa miaka mingi, na mara moja alitoa kitu chake chenye uhai ili jina langu lisiguswe. Habari zake ninazieleza sasa kwa kuwa hawezi tena kunikataza, na kwa kuwa kuna sehemu yangu ndani yake ambayo nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyelima sana na macho mekundu. Macho yale niliyaogopa kwa ajili yake tangu mwanzo. Huku kwetu bibi mwenye macho mekundu anaishi kwa tahadhari, maana wapo watu ambao mpaka leo hawakubali kwamba moshi wa kuni unatosha kuyafanya hivyo. Ya Nesi yaliharibiwa na moshi kweli. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana alijifungia jikoni na sufuria yenye mfuniko, akachochea moto, na haikutoka harufu ya chakula chochote. Nilimshauri achemshe mlango ukiwa wazi. Alisema mlango ukiwa wazi watu wataona kilichomo, na wakishaona, macho yake ndiyo yatakuwa ushahidi.

Kilichomo kilikuwa pete. Si za vidoleni. Zilikuwa za mpira laini, ndogo zikitosha ndani ya kikombe cha chai na kubwa zikikaribia bangili, na kazi yake ni kuingizwa ukeni zishikilie kizazi kilichoshuka kisitoke nje. Alifundishwa kuzipima na kuziweka na madaktari waliopita mkoani kwa kambi ya wiki moja, akiwa bado mwajiriwa wa zahanati, na walipoondoka walimwachia boksi. Alipostaafu aliondoka na ujuzi wake na boksi lake, na wanawake wakamfuata nyumbani.

Lazima nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa siri kubwa hivyo. Ng'ombe akizaa kizazi kikatoka, kwetu wanaume wanne wanakusanyika zizini, mmoja analeta maji, mwingine anaagiza sukari dukani ya kunyunyizia ili uvimbe upungue, na maelezo yake yanasikika mpaka barabarani. Bwana mifugo anaitwa, anapewa kiti. Mwanamke likimpata jambo hilohilo anakunja kipande cha kitenge, anakifunga katikati ya mapaja, na anarudi shambani kwenye pamba. Hakuna anayemwita mtu. Mimi nilikaa na kitenge miaka minne.

Kulwa na Doto walikuja pamoja, pacha wangu, kisha akafuata Shija, mzito kuliko wote wawili, na tangu siku ile nikiinama nilihisi kitu kinakuja kuchungulia. Mume wangu, baba Shija, nilimwambia ni mgongo. Aliniletea dawa ya kuchua, masikini, akanichua kwa bidii.

Nesi hakuwa na desturi ya kubisha hodi. Alinitazama msibani nilivyokaa kwenye jamvi, nimeegemea paja moja, na asubuhi yake akaingia jikoni kwangu, tukasalimiana, "Ng'wangaluka," "Ng'wangaluka mayu," akaketi kwenye kinu kilicholala. Hakuuliza kama ninaumwa. Aliuliza, "Unataka kufanya nini ambacho sasa huwezi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila mwanamke, na baadaye nilikuja kujua majibu ya wengine, bila majina, maana alipenda kuyasimulia majibu na kuficha wenyewe. Mmoja alitaka kucheza bugobogobo na jembe lake kama zamani. Mmoja alitaka kupiga chafya kanisani. Bibi mmoja alisema hataki kufanya kitu chochote, anataka tu kukaa, kukaa sawasawa kwenye kigoda. Mimi nilisema nataka kuchuma pamba mstari mzima bila kupiga magoti. Nesi aliitikia kwa kichwa kama fundi aliyeletewa kipimo cha nguo.

Alinieleza chaguo zote, na hakunificha hata moja. Kulikuwa na kushonwa, hospitali kubwa Mwanza, angeniandikia barua, lakini mume wangu lazima ajue na ndoo ya maji nisiiguse kwa miezi. Kulikuwa na mazoezi ya kubana, ambayo ningeyafanya hata nikichagua jingine. Kulikuwa na pete ya wazi, ambayo mwanamke anaitoa mwenyewe, anaiosha, anairudisha, na mume halazimiki kujua. Kulikuwa na nyingine yenye shina, inayoshika zaidi lakini inahitaji mkono wa mtu mwingine kuitoa, na mwenye mume haimfai. Na kulikuwa na kuacha mambo yalivyo, ambalo nalo alisema ni chaguo, nisijione mjinga nikilichukua. Nilichagua ya wazi. Nesi aliniambia usoni kwamba kwa kizazi changu ile ya shina ingeshika vizuri zaidi. Alisema nimechagua kwa ajili ya siri na si kwa ajili ya mwili, lakini mwili ni wangu na siri ni yangu.

Kupima kwake sijawahi kusikia kwa mtu mwingine. Daktari angekuambia ukohoe. Nesi alikuwa mvutaji wa ugoro, kopo lake la bati halikutoka mfukoni, na akishakuweka pete alikupa ugoro kidogo uvute. Unapiga chafya mpaka machozi. Pete ya kwanza ilianguka chafya ya pili. Ya pili ilinibana nikawa natembea kama bata, na alipoona siwezi kukojoa akaitoa haraka. Ya tatu nilipiga chafya saba, nikachuchumaa, nikabeba ndoo ya maji kutoka mlangoni mpaka kwenye kinu, nikaenda chooni nikarudi, kisha akaniuliza kama naisikia. Nilijisikiliza. Sikuisikia kabisa. Nililia siku ile, na siyo kwa ajili ya ugoro.

"Pete nzuri ni ile unayoisahau," alisema akifunga kopo lake. Kisha akanishika kidevu nimtazame. "Na pete mbaya ni ile unayoisahau."

Sikuelewa, akanifafanulia. Ikikaa sawa huisikii, na kwa kuwa huisikii utaacha kuitoa na kuiosha, na ikiachwa inaanza kula nyama. Pete iliyosahauliwa huita mara tatu, alisema. Kwanza huita kwa harufu. Halafu huita kwa damu. Halafu mkojo unavuja wenyewe, usiku na mchana, maana ukuta umetoboka. Baada ya hapo haiiti tena. Maneno hayo aliyarudia kwetu wote, kwa sauti ileile, na nilikuwa nikiyasikia nikiosha yangu kila Jumapili.

Ili tusisahau alitufuatilia, na kwa kuwa hakuweza kutuuliza mbele za watu alitafuta lugha. Kwa watu wa ng'ombe lugha ilikuwa tayari. Alikukuta lamboni unachota maji, au kwenye mashine ya kusaga, wanaume wamejaa, akakuuliza kwa sauti kubwa, "Ng'ombe wako umemtoa?" Unajibu umemtoa Jumapili, umempeleka josho, yuko salama. Kama ulisahau unasema bado yuko zizini, na hapo Nesi anakukaripia kwamba ng'ombe asiyetoka zizini huugua, na wanaume wanaitikia kuwa ni kweli. Tulicheka sana kwa hilo, sisi wenye ng'ombe. Kijiji kilidhani Nesi ni mtu anayependa mifugo kupita kiasi.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alituonya tusibebe mizigo mizito, na yeye alibeba gunia la pamba kichwani. Alidharau waganga wa kienyeji hadharani, na goti lake lilipovimba nilimkuta amelifunga majani aliyoletewa na mganga wa kijiji cha Kimali, akaniambia nifunge mlango. Hakupenda kuguswa hata kwa salamu. Alisali kwa kifupi akidai Mungu ana foleni. Na methali aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya mficha maradhi kifo humuumbua, aliitoa kwa kila mgonjwa, yeye ambaye ndiye aliyetufundisha kuficha. Nilimuuliza siku moja hayo mawili anayapatanishaje. Alinijibu kwamba ugonjwa usifichwe kwa nesi, kwa wengine uongozwe taratibu. Sikuridhika, lakini jibu lilinifaa, nikalipokea.

Sasa niseme habari ya ng'ombe mwenyewe.

Baba Shija si mtu mbaya. Ni mtu ambaye akiamka usingizini anaweza kukutajia ng'ombe wake wote, mama zao na bibi zao. Siku moja alisimama nyuma yangu kwenye mashine ya kusaga, mimi sina habari, na Nesi akaniuliza kuhusu ng'ombe. Nikajibu kama kawaida kwamba wangu nimempeleka josho Jumapili, hana shida. Mume wangu akaenda nyumbani akawatazama ng'ombe wake wote zizini. Hakukuwa na hata mmoja aliye wangu. Hakukuwa na hata mmoja aliyekwenda josho Jumapili. Akapata jibu moja tu, ambalo mwanamume yeyote wa kwetu angelipata: mke wangu ana ng'ombe wa siri, amemweka kwenye zizi la Nesi.

Hakuniuliza. Kama angeniuliza sijui ningesemaje. Alikwenda kwa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, na siku ya pili tukaitwa uwanja wa ofisi ya kijiji, jua la saa tisa likiwa kali, wanaume wamekaa mbele na fimbo zao, sisi wanawake nyuma. Mume wangu alieleza kwa heshima, bila matusi. Nesi alisimama peke yake katikati. Mkuu wa sungusungu alimuuliza kama anatunza ng'ombe wa mama Shija. Kabla Nesi hajajibu, mtu mmoja kwenye safu ya mbele akasema huyu mama kila Alhamisi anajifungia jikoni anapika kitu kisicholiwa, tuingie ndani tukaone na mengine anayoficha. Mwingine akasema, tena mtazameni macho.

Wangeingia mle ndani wangekuta sufuria, na kwenye sufuria pete ishirini na kitu, za mpira, zinazochemshwa, na mmoja wao angekumbuka kwamba mke wake hajashika mimba tangu mwaka juzi. Kuna mabibi waliouawa huku kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Nilitazama kushoto na kulia. Pale nyuma tulikuwa wanawake wanane ambao wakati uleule tulikuwa na pete za Nesi miilini mwetu. Hakuna aliyefungua mdomo, na mimi ndiye niliyestahili kuwa wa kwanza.

Nesi alitoa kopo lake, akavuta ugoro, akapiga chafya kama mtu aliye nyumbani kwake. "Jikoni hakuna haja ya kuingia," alisema. "Ng'ombe hakai jikoni. Baba Shija, twende zizini."

Walikwenda, wanaume wote nyuma yake, na Nesi akanyoosha mkono kwenye mtamba wa rangi ya kahawia mwenye baka jeupe begani, mzuri kuliko wote aliokuwa nao. Huyu ndiye wa mama Shija, alisema, mchukue. Mume wangu akamfunga kamba. Mkuu wa sungusungu akamwonya Nesi asirudie kutunza mali ya mke wa mtu bila mume kujua, naye akaitikia kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake. Baba Shija nyumbani alinikaripia kidogo tu. Ukweli alifurahi, alikuwa amepata mtamba.

Nilikwenda kwa Nesi kumwomba radhi, na sikujua nianzie wapi. Alinikatiza. Alisema ng'ombe akiondoka huzaliwa mwingine, na jina likiondoka halina ndama. Akaniuliza kama wangu nimemtoa wiki hiyo. Nilikuwa sijamtoa. Akanifokea.

Yeye mwenyewe alikuwa na pete. Jambo hili tulilijua mimi na nesi mmoja wa zahanati tu. Alivaa ile ya shina, kwa sababu alikuwa mjane na hakuwa na wa kumficha, hayo ni maneno yake. Yule nesi wa zahanati aliitoa na kumrudishia kila miezi mitatu, mpaka alipohamishwa. Siku hiyo Nesi aliniita, akanipa glavu, akalala kwenye kitanda chake cha kamba akaniambia la kufanya hatua kwa hatua, akitazama darini, yeye ambaye hakupenda kuguswa. Nilikawia kuanza, akanicheka. Mara ya pili sikukawia. "Mimi nawauliza ninyi wote," aliniambia nikiifuta, "na wewe utaniuliza mimi. Usisahau upande wako." Nilijivuna kwa kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa.

Kisha akaanza kupotea. Mwanzo alitia chumvi mara mbili. Akaniita kwa jina la mama yangu. Siku moja alipotea njia ya lambo, njia aliyoipita miaka arobaini, tukamkuta amesimama kwenye pamba ya watu amekasirika. Mwanawe mkubwa, ambaye ana duka Bariadi, akaja na gari lenye godoro nyuma akamchukua. Siku mbili kabla nilikuwa nimemtoa ng'ombe wake, nimemwosha, nimemrudisha. Nilitaka kumwambia mwanawe. Lakini mwana wa kiume utamwambiaje habari ya uke wa mama yake? Nikajiambia Bariadi kuna hospitali, kuna madaktari, na mwanawe ana uwezo. Yote hayo yalikuwa kweli, ila hakuna hata mmoja kati yao aliyejua.

Nilikwenda kumsalimia baada ya mavuno. Alikuwa kwenye chumba cha nyuma ya duka, amevaa safi, ananitambua nusu. Nilipoinama kumpa mkono niliisikia harufu. Ilikuwa ndogo. Nilijiambia ni mkeka.

Mara ya pili mkwewe, mke wa huyo mwanawe, mwanamke mpole wa mjini, alikuwa amewasha udi chumbani, moshi umetanda, na chini ya udi ile harufu ilikuwepo bado, imekua. Mkwe aliniambia kwa sauti ya chini, kwa aibu, kwamba mama anaona siku zake tena, uzeeni, na hajui amwambie nani. Nikaomba nimwogeshe Nesi mimi, tuwe wawili tu. Alikataa kwa adabu, kwamba mgeni hawezi kutoka safari akaogesha mgonjwa, watu watamwelewaje. Basi nikatumia lugha yetu. Nikamuuliza Nesi, mkwewe akiwa pale pale, kama ng'ombe wake alitoka. Uso wake ulikunjuka, akasema ametoka zamani, yuko malishoni. Nikamwamini. Hapana, nitasema ukweli: nilitaka kumwamini, nikaondoka na jibu hilo, na njia nzima mpaka Lalago nilijua.

Mara ya tatu tulikuwa sote, mimi na baba Shija. Alikuwa ameleta ng'ombe mnadani Bariadi, na akasema si vizuri kupita bila kumwona Nesi. Chini ya shuka la kitanda palikuwa na karatasi la nailoni. Kanga ya Nesi ilikuwa imelowa na hakujua. Mwanawe alituletea viti, akaomba radhi kwa hali ya chumba, akasema uzee ni kazi. Mume wangu akamsalimia, "Mhola, mayu?" naye akajibu, "Mhola duhu," kwa sauti yake ya zamani, nami nikaona macho yake yananitafuta.

"Mama Shija. Ng'ombe wako umemtoa?"

"Nimemtoa Jumapili, Nesi. Nimempeleka josho." Kisha nikasema kile nilichokuja nacho. "Na wako? Wako alitoka lini?"

Alifikiri. Alifikiri kwa bidii, unaona jinsi anavyosaka. "Wangu hayupo," alisema. "Wangu nilimpa baba Shija."

Mume wangu alitabasamu, kama mtu anavyotabasamu kwa mzee. Alimkumbusha polepole kwamba yule mtamba alikuwa wa mke wake, yeye Nesi alikuwa amemtunzia tu.

"Alikuwa wangu," Nesi alisema. "Mke wako hajawahi kuwa na ng'ombe."

Baba Shija akageuka akanitazama. Mwanawe akaingilia haraka, akasema tusimsikilize, akili za mama zimechoka, juzi alisema baba yetu amerudi. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, nilihitaji kutikisa kichwa tu kwa masikitiko, nikubali kwamba Nesi amechanganyikiwa, na siri yangu ingekwenda nyumbani nami salama kama ilivyokuja. Nesi alikuwa ananitazama na macho yake mekundu, bila kudai kitu. Nilikumbuka uwanja wa ofisi ya kijiji.

"Amesema kweli," nilisema.

Nikamgeukia mwanawe, nikamwambia kwa maneno yenyewe, yale ambayo hatukuwahi kuyatamka mbele ya mwanamume. Mama yako ana pete ukeni, imeshikilia kizazi chake. Inatakiwa itolewe ioshwe kila miezi mitatu, na tangu umemleta hapa haijatolewa. Harufu ni hiyo. Damu ni hiyo. Na mkojo huu si uzee.

Mwanawe alisimama, akatazama ukuta, akaniuliza bila kunigeukia nimejuaje.

"Nilikuwa naitoa mimi," nilisema. "Na mimi ninayo. Huyo ndiye ng'ombe wangu, baba Shija. Sijawahi kuwa na mwingine."

Mwanawe alitoka nje, nikadhani ametukimbia, kumbe alikuwa anaita bajaji. Mkwe alizima udi kwa vidole, akaanza kulia, akasema mbona hamkuniambia. Tulimfunga Nesi kanga mbili tukamwingiza kwenye bajaji. Njiani alinishika mkono, yeye asiyependa kuguswa, akauliza kama tunakwenda josho. Nikamwambia ndiyo.

Hospitali walimpokea upesi. Daktari alipomwangalia alitoka akatuambia nyama imeota juu ya ile pete, haiwezi kutolewa hivi hivi kitandani, itabidi apelekwe chumba cha upasuaji, na kwamba tusitegemee kuta zake kuwa nzima. Umri wake, alisema, na damu aliyokwisha kupoteza, si vitu vya kupuuza. Mwanawe akasaini. Wakampitisha mbele yetu kwenye kitanda cha magurudumu, anatazama darini.

Tulikaa kwenye benchi. Baba Shija alikaa mwisho wa benchi, kofia yake magotini, na tangu chumba kile hakuwa amenena na mimi. Nilimwogopa, lakini niliogopa zaidi mlango ule wa upasuaji. Nesi kijana wa zamu akaja na faili, akauliza nani anaijua historia ya mgonjwa. Mwanawe akanitazama. Nikasimama.

Akauliza nani alimwekea. Nikasema mara ya kwanza alijiwekea mwenyewe, ni nesi. Akauliza nani alikuwa anaitoa. Nikasema mimi.

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Nilifungua mdomo na tarehe haikuja. Najua siku, najua jua lilivyokuwa, najua kanga aliyovaa. Mwezi haukuja, mwaka haukuja. Yule dada alisubiri na kalamu yake.

"Ilikuwa kabla mweusi hajazaliwa, au baada?" Baba Shija alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nilimgeukia. Mtamba wa Nesi sasa ni ng'ombe mzima, amezaa mara tano zizini kwetu, na wa nne alikuwa mweusi mtupu. Nikakumbuka kwamba nilirudi kutoka kwa Nesi siku ile mikono bado inanuka glavu, nikakuta ng'ombe yule ameanza kuhangaika, na wanaume wanatafuta kamba.

"Siku ileile," nilisema.

Akahesabu kwa vidole, polepole, bila kukosea, mtu anayejua umri wa kila mnyama wake.

"Miaka miwili na miezi minne," alimwambia yule dada. "Andika."

Akaandika. Hakuuliza mweusi ni nani.